Maduka ya Kamenu na Daftari la Deni

Katika mkutano mkuu uliopita wazee wetu walilalamika kwamba taarifa ya kila mwaka hujaa hesabu za michango, majina ya waliofiwa na orodha ya wasiolipa ada, wala haina hata ukurasa mmoja wa kuwaeleza watoto jinsi watu walivyoishi mahali hapa. Lalamiko hilo ni la haki. Basi sisi tuliolelewa Kamenu, tuliokuwa wanafunzi wa shule ya msingi katika miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, tumekaa pamoja jioni kadhaa tukakumbushana habari za maduka ya mtaa wetu. Tumechagua maduka, si shule wala kanisa, kwa sababu shule na kanisa zina vitabu vyao vya kumbukumbu, lakini duka halina kitabu ila kimoja, nacho ni daftari la deni. Habari ya daftari hilo tutaieleza mbele, ijapokuwa si habari ya kutuletea sifa.

Kijana asomaye haya na aelewe kwanza mahali penyewe. Mji wa Thika umekaa panapokutana mito ya Chania na Thika. Hoteli ya Blue Posts, iliyo karibu na maporomoko ya maji, ilifunguliwa mwaka 1908, na reli kutoka Nairobi ilifika mwaka 1913. Zamani hizo nchi yote ya pande hizi ilikuwa mashamba ya walowezi, ya makonge na kahawa, na baadaye ya mananasi. Jina la Makongeni latukumbusha makonge hayo mpaka leo, ingawa mtoto wa sasa wa Makongeni hutaja tu nambari ya awamu ya nyumba zao, na pengine hajapata kuona mkonge. Viwanda vilipoongezeka, vya ngozi, vya nguo, vya mikebe na vya kutia mananasi mikebeni, watu walifika kutoka Murang'a iliyo ng'ambo ya Chania tu, kutoka Ukambani, Uluhyani na Nyanza, wakapanga vyumba upande huu wa barabara iendayo Garissa. Kila mtu alikuja na lugha ya mama yake. Mahali pa kwanza walipolazimika kusemezana kwa Kiswahili palikuwa kiwandani, na pa pili ni dukani.

Biashara ya duka, wazee wetu wajua, haikuanzia mikononi mwetu. Mfanyaji biashara mashuhuri Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alikuwa amefungua maduka kutoka pwani mpaka Uganda kabla baba zetu hawajazaliwa, na Wahindi wenziwe waliifuata reli kila iliposimama. Hata Thika barabara ya maduka ilikuwa yao. Mwafrika aliyetaka sukari au kitambaa alikwenda huko, na aliyetaka kuwa na duka lake mwenyewe alipata taabu tatu: kiwanja, leseni na mtaji. Baada ya vita vya mwaka 1945 askari waliorudi kutoka Burma na kwingineko walitia akiba zao katika maduka na malori, na wengi walipoteza kila senti. Watu husema walishindwa kwa kutojua hesabu. Sisi twaona sababu nyingine iliyo karibu zaidi. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliandika sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika, kwamba asiyekuwa Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 hawezi kumdai mahakamani, isipokuwa mkopo huo umekubaliwa na ofisa wa serikali. Ilisemekana ni kwa kumlinda Mwafrika asizame katika deni. Lakini mwenye duka la jumla ambaye hawezi kudai zaidi ya shilingi 200 hatakupa mali ya shilingi 1,000, na duka bila mali ni chumba chenye rafu tupu. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952 mambo yalizidi, maana kufunga maduka ya watu kulikuwa ni adhabu moja iliyotumiwa juu ya vijiji na mitaa, na aliyefungiwa duka miezi mitatu hakurudi tena kulifungua.

Baada ya uhuru mlango ulifunguliwa. Shirika la taifa la biashara, KNTC, liliundwa mwaka 1965, na bidhaa kama sukari na chumvi zikapitia kwa wagawaji Waafrika. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwakataza wasio raia kufanya biashara ya bidhaa fulani na katika sehemu fulani, na Wahindi wengi ambao hawakuchukua uraia waliondoka nchini katika mwaka ule na uliofuata. Juu ya jambo hili wazee wetu hawapatani hata leo. Mmoja asema ilikuwa haki iliyochelewa; mwingine amkumbuka fundi na mwenye duka waliozaliwa hapa hapa, walioondoka na masanduku mawili. Sisi tulikuwa wachanga au hatujazaliwa, na hatutaamua kesi yao.

Hivyo maduka tuliyoyajua sisi yalikuwa ya kizazi kile kilichopata leseni baada ya uhuru. Yalijengwa kwa safu, ukuta mmoja kati ya duka na duka, bati juu, na baraza moja ndefu ya saruji mbele. Mwanzo wa safu palikuwa na kinu cha kusaga posho, ambacho ngurumo yake ilisikika tangu asubuhi, na mwenye kinu na kila aliyetoka mle alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope. Kisha duka la nyama, lenye dirisha la wavu na nzi wake; kisha hoteli ya chai na mandazi; kisha duka letu, tuliloliita la kona ingawa kwa hakika lilikuwa la pili kutoka kona. Barazani pake aliketi fundi wa nguo na cherehani yake ya Singer, akishona sare za shule na kutia viraka. Alisikia kila neno lililosemwa dukani, na jioni mtaa mzima ulilijua.

Ndani ya duka palikuwa na giza jema lenye harufu. Hatuwezi kuieleza harufu hiyo kwa mtu ambaye hakuingia: mafuta ya taa, sabuni ya mche, majani ya chai, gunia la sukari, na mkate uliookwa hapa hapa Thika na kuletwa alfajiri kabla hatujaamka. Kaunta ilikuwa ya mbao, imelainishwa na viwiko vya watu, na juu yake wavu wa chuma wenye tundu la kupitishia mkono. Mtoto mfupi hakuonekana na mwenye duka. Aliinua mkono wenye fedha, na mkono huo ndio uliohudumiwa. Nyuma zilipangwa Kimbo, Blue Band, Omo, viberiti, dawa ya kichwa, betri za redio na daftari za shule. Mizani ilikuwa ya sinia mbili, na mawe yake ya chuma yalikuwa mazito kuliko tulivyodhani. Serikali ilikuwa imekwisha kuleta kilo, lakini bibi zetu waliomba ratili, na mwenye duka aliwapimia nusu kilo bila ya kubishana. Hata gunia la mahindi la kilo 90, ambalo wakulima wetu wanalitaja kila msimu, kwa asili ni ratili 200 zilizovishwa nguo mpya.

Vitu vyote viliuzwa kidogo kidogo. Hili ndilo tungependa watoto walielewe. Mafuta ya kupikia yalitolewa kwa kijiko juu ya kipande cha karatasi. Mkate ulikatwa nusu, na nusu ikakatwa tena. Sigara iliuzwa moja, na kiberiti cha kuiwashia kilifungwa kwa uzi barazani. Mafuta ya taa yalitoka katika pipa lenye bomba la kuzungushwa kwa mkono, yakaingia katika chupa tuliyokuja nayo, yenye kizibo cha gunzi la mahindi. Sukari ilifungwa katika karatasi ya kaki kwa ustadi ambao sisi hatukuweza kuuiga: karatasi ikazungushwa, ikakunjwa chini, ikapigwa juu ya kaunta mara mbili, nayo haikumwaga hata chembe. Mwaka 2017, mwezi wa Agosti, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, tuliona wenye maduka wakitafuta karatasi za kaki tena, lakini hapakuwa na ajuaye kuzikunja.

Mkebe wa Kimbo au wa Cowboy ukiisha ulianza kazi ya pili. Ule wa kilo 2 ulikuwa gorogoro, kipimo cha mahindi na maharagwe sokoni, na wafanyaji biashara wajanja waliugonga kitako ukabonyea ndani. Mama zetu walipitisha kiganja ndani ya gorogoro kabla ya kununua, wakiwa wanazungumza mambo mengine kabisa.

Na fedha. Baba zetu walikuwa wametumia sarafu za Afrika ya Mashariki zenye tundu katikati, ambazo mtu aliweza kuzitunga katika kamba na kuzivaa. Zilipokwisha kazi walizifanya washa za skrubu, na baadhi ya madirisha ya Kamenu yamefungwa kwa senti 10 za Mfalme George. Sisi tulishika fedha ya Kenya iliyotolewa mwaka 1966: ndururu ya senti 5 na kingotore cha senti 10, za rangi ya manjano, na sumuni nyeupe ya senti 50. Ndururu moja ilitosha peremende. Sumuni ilikuwa amana kubwa, nayo ilishikwa ndani ya ngumi mpaka kiganja kikatoa jasho, maana aliyeipoteza hakurudi nyumbani mpaka giza. Hesabu tuliyofundishwa shuleni tulifundishwa mara ya pili dukani, na ile ya pili ndiyo iliyokaa.

Redio ya mwenye duka ilikuwa juu ya rafu ya juu kabisa, ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Saa ya matangazo ya vifo baraza ilinyamaza, hata cherehani ilisimama. Siku za mpira wanaume walijaa mpaka barabarani. Twakumbuka asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, Jumapili, redio iliposema serikali imepinduliwa, na mwenye duka akafunga mlango watu wakiwa ndani. Alifungua tena baada ya kusikia yamekwisha. Siku zile maduka mengi ya Nairobi yalivunjwa na kuporwa. La kwetu halikuguswa. Hatujisifu kwa hilo, kwani hapakuwa na mtu wa Kamenu asiyekuwa na jina lake katika daftari la mle, na pengine kuna waliotamani kulichoma.

Sasa tufike kwenye daftari. Baba zetu wengi walilipwa mwisho wa mwezi, na vibarua wa mashamba walilipwa kazi ilipokuwapo. Kutoka tarehe 15 hivi fedha ilikuwa imekwisha katika nyumba nyingi, ndipo mtoto alipotumwa na maneno haya: "Mzee, baba amesema umwandikie." Mwenye duka hakujibu. Alilamba ncha ya kalamu ya risasi, akafungua ukurasa wa nyumba hiyo, akaandika tarehe, kitu na bei, kisha akaugeuza ukurasa ili mtoto auone, ijapokuwa mtoto mwenyewe alikuwa darasa la pili. Mwisho wa mwezi baba alipita, wakahesabu pamoja, akalipa, na mstari ukapigwa juu ya ukurasa kwa rula. Mstari ule ulikuwa ndiyo risiti, stakabadhi na hati ya heshima ya mtu. Mwanamume ambaye ukurasa wake haukupigwa mstari miezi miwili alianza kupita njia ya nyuma, kule penye mtaro, na watoto wake walijua kwa nini.

Hapa yatupasa kukiri jambo. Tulipotumwa sukari robo na kiberiti, tulisema sukari robo, kiberiti, na peremende mbili. Mwenye duka aliandika zote. Hatukupata kujua kama alituamini. Mwisho wa mwezi mmoja wetu, ambaye leo ni mjumbe wa kamati hii, alisomewa peremende 14 mbele ya baba yake na mbele ya fundi wa nguo. Kiboko alichopata hatukieleze, lakini baba yake alilipa zile peremende zote, kwa kuwa, alivyosema, zilikuwa zimeandikwa. Na mwenye duka alizipokea zile senti. Twalisema hili ili mtu asidhani tunachora picha ya malaika. Alikuwa mfanyaji biashara, mkali wa bei, mwepesi wa kufoka, na mkate wa jana aliuuza kwa bei ya leo.

Mwaka 1984 mvua za masika hazikunyesha. Wazee wetu wa Ukambani walikwisha kuona upungufu wa mwanzo wa miaka ile ya 1980, ambao waliupa jina la Nikw'a Ngwete, yaani nafa huku nimeshika, mtu ana fedha mkononi na chakula hakuna. Mwaka 1984 tuliushika nasi. Unga ulikuwa na bei iliyowekwa na serikali, na orodha ya bei ilibandikwa ukutani kila dukani. Lakini orodha ilikuwapo na unga haukuwapo. Gari lilipoleta pakiti chache habari zilienea kabla ya injini kuzimwa. Tulipangwa kwenye mstari tangu saa 11 alfajiri, kaka na dada kwa zamu, na aliyeondoka aliacha jiwe au mkebe mahali pake, na mawe yale yaliheshimiwa kuliko sisi. Katika duka moja la safu nyingine, ambalo hatutalitaja, hukuuziwa unga ila umenunua na kitu kingine usichokihitaji, na usiku mlango wa nyuma ulifunguliwa kwa wenye fedha nyingi. Baadaye serikali ilileta mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Watoto walioona ugali wa manjano mara ya kwanza walidhani umetiwa siagi. Walipouonja hawakudhani tena.

Mwenye duka letu alifanya jambo ambalo twalijadili mpaka leo. Hakuuza pakiti nzima. Alikata pakiti za kilo 2, akamwaga unga ndani ya beseni, akapima kwa kikombe cha bati, kila nyumba kwa kadiri ya midomo yake. Alijuaje midomo? Daftari ndilo lililomwambia. Mtu anayeandika sukari, chumvi na mkate wa nyumba moja kwa miaka 6 ajua wanakula wangapi, ajua aliyezaa, ajua mgeni aliyekuja na hajaondoka. Mama mmoja aliyedai watoto 7 aliambiwa kwa upole, "Mama, wawili wako kwa bibi yao tangu Pasaka." Akapewa vikombe vya 5. Na asiyekuwa na fedha aliandikiwa.

Lakini vikombe vilivyotoka katika pakiti moja, ukivihesabu kwa senti, vilizidi kidogo bei ya ukutani. Wengine wetu husema ziada ile ilikuwa ya unga uliomwagika na wa wale ambao hawangelipa. Wengine husema ilikuwa faida tu. Vyovyote vilivyokuwa, siku moja wakaguzi wa bei walifika, wakakuta beseni na kikombe, na mzee akatozwa faini. Ilisemwa kwamba aliyewaita alikuwa jirani, mtu aliyeandikiwa kama sisi. Hatumjui. Yule wa mlango wa nyuma hakutozwa chochote, kwa kuwa kila pakiti yake ilikuwa nzima na bei yake ya mchana ilikuwa ile ile ya ukutani.

Mvua zilirudi, unga ukarudi, na mtu angedhani duka lingerudi katika hali yake. Halikurudi. Deni la mwaka 1984 lilikuwa kubwa kuliko mshahara wa mwezi mmoja, hata wa miezi mitatu. Baba zetu walilipa kidogo, wakaandikiwa zaidi, kisha wengi wakaanza kununua kwa fedha taslimu katika maduka mengine, kwa aibu ya kuonana na ukurasa wao. Jambo hili lataka kuangaliwa vizuri: fedha tulikuwa nazo, lakini tulizipeleka kwingine. Sisi wenyewe, kwa miguu yetu, tulitumwa kupita njia ya mtaro kwenda kununua mkate safu ya pili. Rafu za mzee zilianza kuonyesha ukuta. Kwanza Blue Band ilikwisha, kisha betri, kisha daftari za shule, mpaka zikabaki chumvi na viberiti, navyo vimepangwa mbali mbali ili kujaza nafasi. Mwaka 1987 tulitoka shule tukakuta mlango umefungwa na fundi wa nguo amehamia barazani pa kinu. Mzee alikuwa amevuka Chania kurudi kwao Murang'a.

Ya baadaye yajulikana na wote. Kufikia mwaka 1994 bei za serikali zilikuwa zimeondolewa. Maduka makubwa ya kujichukulia yalifika mjini, na baadhi yake, makubwa kweli kweli, tuliyaona yakifunguliwa na tukayaona yakifa. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na vioski vya Kamenu vikapakwa rangi ya kijani. Tangu mwaka 2019 kuna Fuliza, ambayo humwandikia mtu deni bila kulamba kalamu, wala haimwulizi kama wawili wako kwa bibi yao. Mwaka 2017 unga uliposhuka kwa ruzuku mpaka shilingi 90 kwa kilo 2, watoto wetu walisimama kwenye mstari mrefu katika maduka hayo makubwa, nasi tukawatazama. Kioski kingali kipo katika kila njia ya Kamenu, na kingali kinauza mafuta kwa kipimo na sigara moja moja. Mama mwenye kioski bado ana daftari, ingawa wengi huandika ukutani kwamba deni ni leo kesho ni fedha, au maneno ya namna hiyo yenye mzaha na uchungu.

Mzee wetu alifariki miaka kadhaa iliyopita, akiwa na umri mkubwa. Baadhi yetu tulikwenda kuzika. Baada ya chakula binti yake mkubwa alitoa sanduku la bati, na ndani yake daftari 11, zimefungwa kwa kamba ya katani. Alisema baba yake alikataza zisichomwe na zisidaiwe. Tulikaa chini ya mti wa mwembe, watu wazima, wengine wakiwa wajukuu tayari wanao, tukatafuta kurasa za baba zetu. Zilikuwapo. Zile za mwaka 1983 na nyuma zina mstari wa rula juu yake. Za mwaka 1984, nyingi hazina. Mmoja wetu alikuta ukurasa wa baba yake umeishia kwenye shilingi 212 na senti 40, na hesabu hiyo imerudiwa mara mbili kwa mwandiko ule ule, kama mtu aliyetumaini amekosea.

Tulimwuliza binti kama angepokea malipo. Swali lenyewe lilikuwa gumu kuliko tulivyodhani, kwa maana shilingi 212 za mwaka 1984 ni shilingi ngapi za leo? Mhasibu wetu alitoa simu akaanza kupiga hesabu, binti akamwambia aiweke mfukoni. Alikubali jambo moja tu, kwamba tuchukue daftari moja, la mwisho, tuliweke katika ofisi ya chama, na kila mzee au mtoto wa mzee atakaye kuona ukurasa wake aoneshwe yeye peke yake. Kamati imekubali. Daftari liko kwa katibu, na hakuna jina lolote lililonakiliwa katika taarifa hii. Wanachama 9 wamekuja kuliangalia tangu mwezi wa Machi. Kati yao wanne, bila ya kuombwa na mtu, wamepeleka kitu Murang'a, walichopeleka hatukukiuliza.

Ukurasa wa mwisho wenye maandishi hauna jina la nyumba. Yaonekana siku zile za mwisho mzee hakujisumbua tena kutafuta kurasa. Umeandikwa: sukari robo, mafuta ya taa chupa moja, kiberiti, peremende mbili, kijana wa sweta nyekundu. Tumelizungumza jambo hili jioni nzima. Watatu kati yetu walikuwa na sweta nyekundu mwaka ule.